MWENYE NGUVU NI NANI?
Kumkumbuka Muhammad Ali, Bondia na Baba

Mauti ni mlango ambao kila mwenye roho hana budi kuupita, tajiri na maskini, mnyonge na shujaa. Apitapo mtu mlango huo, nyuma yake hubaki mazungumzo. Jamaa humtaja, majirani humtaja, na kama alikuwa mashuhuri dunia nzima humtaja. Je, yampasa Mwislamu amtaje vipi aliyetangulia? Amsifu mpaka amfanye malaika? Au afukue makosa yake mpaka pasibaki jema hata moja?

Uislamu haukutuachia jambo hili tulifanye kwa matamanio yetu. Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w. alikataza kuwatukana wafu, akieleza kuwa wao wamekwisha yafikia yale waliyoyatanguliza. Na papo hapo Kurani Tukufu, katika Sura ya nne, yatuamrisha tusimame imara katika haki na kushuhudia kweli, hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu. Basi Mwislamu hushika njia ya katikati. Husema kweli, lakini husema kwa huruma. Hutaja wema ili uigwe. Na akilitaja kosa, hulitaja ili walio hai wajihadhari.

Kwa njia hiyo, ndugu msomaji, napenda leo tumkumbuke mtu mmoja ambaye jina lake lilifika hata katika vijiji visivyokuwa na umeme wala barabara: Muhammad Ali wa Marekani, bingwa wa ngumi, mume, na baba wa watoto tisa, aliyefariki dunia tarehe 3 Juni 2016 akiwa na umri wa miaka 74. Namchagua yeye kwa sababu alikuwa mtu aliyesilimu ukubwani, kama walivyo wengi wenu msomao gazeti hili, na mengi yaliyompata yeye yanawapata ninyi.

NGUVU KATIKA MIZANI YA UISLAMU

Siku moja Mtume s.a.w. aliwauliza masahaba zake ni nani wamhesabuye kuwa mwenye nguvu. Wakajibu kuwa ni yule ambaye watu hawawezi kumwangusha katika mieleka. Akawasahihisha, akawafundisha kuwa mwenye nguvu hasa ni yule awezaye kuimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Wala asidhani mtu kuwa maneno haya yalisemwa na mtu dhaifu wa mwili aliyetaka kujifariji. Imesimuliwa kuwa Mtume s.a.w. mwenyewe alishikana mieleka na Rukana, mtu hodari kuliko wote wa Makka katika mchezo huo, akamwangusha. Alijua nguvu za misuli ni nini, na akatuambia kuwa ipo nguvu iliyo kubwa zaidi.

Tena alitupa mizani ya pili. Alisema kuwa aliye bora miongoni mwetu ni yule aliye bora kwa watu wa nyumbani kwake. Tazama hekima iliyomo. Mtu aweza kuwa mpole sokoni, mcheshi kazini na mwenye adabu msikitini, kumbe nyumbani ni simba. Huko nje watu humwona kwa saa moja tu, lakini mke na watoto humwona mchana na usiku, ashibapo na aonapo njaa, ashindapo na ashindwapo. Ushahidi wao ndio wenye uzito.

Kwa mizani hizi mbili, yaani kuimiliki nafsi na kuwa mwema kwa jamaa, hebu tuyapime maisha ya bondia huyu.

KIJANA WA LOUISVILLE

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1942 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, akaitwa Cassius Marcellus Clay kama baba yake. Baba alikuwa mchoraji wa vibao vya matangazo. Mama, Bibi Odessa, alifanya kazi za nyumbani katika majumba ya watu weupe. Ilikuwa zama za ubaguzi, ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia katika hoteli nyingi za mji wake mwenyewe.

Mwaka 1954, alipokuwa na miaka 12, baiskeli yake iliibwa. Kijana akalia kwa ghadhabu, akaapa kumpiga mwizi. Polisi aliyepokea mashtaka yake, Joe Martin, alikuwa pia mwalimu wa ngumi, akamwambia kwamba yafaa kwanza ajifunze kupigana. Hivyo ndivyo alivyoingia katika mchezo huo. Mwaka 1960 akatwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki mjini Roma. Na tarehe 25 Februari 1964, akiwa na miaka 22 tu, akamshinda Sonny Liston mjini Miami Beach akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Baada ya ushindi huo akautangazia ulimwengu dini yake, na siku chache baadaye akapewa jina la Muhammad Ali. Katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa alipigana jumla ya mapambano 61, akashinda 56, na akautwaa ubingwa wa dunia mara tatu. Hayo yameandikwa katika vitabu vya michezo, nasi hatuna haja ya kuyarefusha.

JINA JIPYA

Wewe uliyesilimu karibuni wajua ninalotaka kusema hapa. Mtu abadilipo dini na jina, jambo la kwanza asikialo mara nyingi si swali la imani, bali ni kejeli juu ya jina. Wenzake wa zamani huendelea kumwita kwa jina la kale kwa makusudi. (Na ifahamike kuwa Uislamu haumlazimishi mtu kubadili jina lake, ila ikiwa lina maana mbaya. Wengi hulibadili kwa hiari, kwa kupenda.)

Ali naye alikutwa na jambo hilo. Magazeti mengi yaliendelea kwa miaka kumwita Clay. Mabondia wenzake wengine walifanya hivyo pia, mmojawapo akiwa Ernie Terrell, aliyepambana naye mjini Houston tarehe 6 Februari 1967. Ali alimpiga kwa raundi zote 15, na kila alipompiga alimwuliza kwa sauti ya juu jina lake ni nani. Hata waliokuwa wapenzi wake waliona kuwa usiku ule alikusudia kumtesa mwenziwe.

Ndugu msomaji, hapa yatupasa kusema kweli. Jina la Muhammad ni jina la yule aliyetukanwa Makka kwa miaka 13 naye akasubiri, aliyepigwa mawe Taif naye akawaombea dua waliompiga. Jina hilo haliheshimishwi kwa kuuvimbisha uso wa mtu. Na Terrell hata baada ya kipigo kile hakupata kwacho sababu ya kuupenda Uislamu. Katika mizani ya kwanza, usiku ule bingwa alishinda ulingoni, lakini nafsi yake ilimshinda.

Ila maisha ya mtu si usiku mmoja. Mwaka 2002 alitunukiwa nyota Hollywood, mahali ambapo majina ya watu mashuhuri huandikwa kwenye sakafu ya njia wapitayo watu. Ali alikataa jina lake lisiwekwe chini likakanyagwa, kwa kuwa ni jina la Mtume s.a.w. Hivyo likawekwa ukutani, na ni la pekee lililowekwa hivyo. Safari hii hakumpiga mtu wala hakupaza sauti. Aliomba tu, na ulimwengu ukamsikiliza. Lakini ulimwengu ulikuwa na sababu ya kumsikiliza, nayo ni hayo yafuatayo.

BINGWA ALIYEKATAA KUPIGANA

Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, aliitwa aingie jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alikataa kwa sababu ya imani yake. Siku hiyo hiyo wakuu wa mchezo wakaanza kumnyang'anya leseni na ubingwa. Mwezi wa Juni mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000, akabaki nje kwa dhamana huku akikata rufani. Kwa zaidi ya miaka mitatu hakuruhusiwa kupigana, tangu akiwa na miaka 25 mpaka karibu 29, nayo ndiyo miaka ambayo mwili wa bondia huwa katika ukamilifu wake. Hatimaye, tarehe 28 Juni 1971, Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu ile kwa kauli moja.

Fikiri basi. Kilichomletea heshima kubwa zaidi katika maisha yake si ngumi aliyoipiga bali ni ile aliyoizuia. Angaliweza kukubali, akavaa sare, akacheza maonyesho mbele ya wanajeshi bila ya kushika bunduki, na fedha zake zikabaki salama. Alichagua hasara. Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika miaka ile alizunguka vyuo vikuu akihutubia wanafunzi ili apate riziki ya nyumba yake. Huku ndiko kuimiliki nafsi, nako ni kugumu kuliko raundi 15.

Wewe huenda hukuitwa vitani. Lakini huenda umeambiwa kazini kwamba ukiacha rushwa huna nafasi hapo, au umeambiwa na marafiki kwamba ukiacha ulevi wewe si mwenzao. Huo ndio ulingo wako.

NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Wahenga wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie.

Wazazi wa Ali hawakuwa Waislamu. Mama yake alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Baptisti na alibaki hivyo mpaka alipofariki mwaka 1994. Baba alichukia sana mwanawe kuliacha jina alilompa, jina ambalo alijivunia. Hapa ndipo wengi waliosilimu hujikwaa. Kijana hudhani kuwa kwa kuwa ameiona nuru, sasa ana ruhusa ya kuwadharau walio gizani. Huacha kula kwa mama yake, huacha kumsalimu baba yake, hujiona kuwa anaitetea dini. Lakini Kurani Tukufu katika Sura Luqman yafundisha kinyume cha hayo: wazazi wakimshurutisha mtu kumshirikisha Mungu asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Utii una mpaka, ila wema hauna.

Ali hakumwacha mama yake. Alimwita "Ndege" kwa mahaba, alimtunza, na mama huyo alionekana kando ya ulingo wa mwanawe na katika nyumba yake miaka yote. Hakumlazimisha kuiacha dini yake, wala mama hakumkana mwanawe kwa sababu ya dini yake. Nani ajuaye ni watu wangapi katika mji ule waliofikiri vizuri juu ya Uislamu kwa kumtazama mama yule tu?

Tuje kwa watoto. Alikuwa nao tisa: mabinti saba na wavulana wawili, mmoja wao akiwa mtoto aliyelelewa tangu uchanga wake. Katika zama za ujinga Mwarabu aliyepewa habari ya kuzaliwa binti uso wake ulisawijika. Mtume s.a.w. aliibomoa desturi hiyo akaahidi malipo makubwa kwa awaleaye mabinti kwa wema. Ali alikuwa baba wa kubeba, wa kubusu na wa kuchezea watoto mbele ya watu bila haya. Katika miaka ya mwisho ya 1970 alikuwa na mazoea ya kurekodi kwa kanda za kaseti mazungumzo yake na watoto wake, hata ya simu. Miaka mingi baadaye binti yake Hana alizifungua kanda hizo akazifanyia kitabu. Bingwa wa dunia, ambaye marais walimngoja, aliketi akimwuliza mtoto mdogo maswali na kuyahifadhi majibu yake kama hazina. Je, sisi tusio na marais wa kutungoja twawapa watoto wetu dakika ngapi kwa siku?

Lakini tumesema tutashuhudia kwa haki. Ali alioa mara nne, na ndoa tatu za kwanza zilivunjika. Kati ya watoto wake wamo waliozaliwa nje ya ndoa, na katika siku za umaarufu wake hakuchunga ahadi ya ndoa kama inavyompasa Mwislamu. Mambo haya hayakufichika, na watoto wake wenyewe wameeleza uchungu wa kutenganishwa na baba. Muulizaji mmoja wa dini aweza kusema: "Basi mtu huyu ana nini cha kutufundisha juu ya nyumba?"

Jibu ni kwamba ana la kutufundisha kuhusu kurudi. Uislamu hauwakumbuki watu kana kwamba hawakukosa. Mwanadamu asiyekosa hakuzaliwa Louisville wala Tabora. Mlango wa toba umewekwa kwa ajili ya wakosaji, na Kurani Tukufu katika Sura Hud yafundisha kuwa mema huondoa mabaya. Ali alikiri. Alimwomba radhi hadharani mwaka 2001 Joe Frazier, aliyemtukana vibaya na kumfananisha na sokwe kabla ya mapambano yao, na Frazier alipofariki mwaka 2011 Ali, mgonjwa, alihudhuria mazishi yake Philadelphia. Kuhusu Malcolm X, rafiki aliyekuwa mwalimu wake na ambaye alimpa kisogo mwaka 1964, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuwa kumwacha rafiki yule ni moja ya mambo aliyoyajutia zaidi maishani. Malcolm alikuwa ameuawa tangu Februari 1965, naye hakupata nafasi ya kumwambia.

Zingatia hapo, ndugu yangu. Kwa Frazier aliwahi. Kwa Malcolm alichelewa. Ikiwa leo yupo mtu unayemdai salamu ya radhi, mke, mzazi au rafiki, usiingoje kesho.

KUJIFUNZA HAKUISHI

Lipo jambo jingine linalowahusu hasa wanaosilimu. Kundi ambalo Ali alijitangaza mwaka 1964 kuwa mfuasi wake, lililoongozwa na Elijah Muhammad, lilikuwa na mafundisho ambayo si ya Kurani, kama kusema kuwa watu weupe ni mashetani kwa asili yao. Yaeleweka jinsi mafundisho hayo yalivyowavutia watu waliodhulumiwa, lakini dhuluma haigeuzi uongo kuwa kweli. Mwaka 1972 Ali alikwenda kuhiji Makka, akasimama safu moja na watu wa kila rangi. Na Elijah Muhammad alipofariki Februari 1975, na mwanawe Warith Deen Mohammed akaliongoza kundi lile kuelekea Uislamu wa Kurani na Sunna, Ali alifuatana naye. Baada ya hapo alihubiri udugu wa wanadamu wote mpaka mwisho.

Kuingia katika dini ni kama kuandikishwa shule. Ajabu ni mtu kuandikishwa kisha akadhani amekwisha hitimu. Mwanafunzi wa kweli husahihishwa akashukuru.

Sisi wa Afrika Mashariki tulimwona akisahihishwa. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Afrika kuzishawishi serikali zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wa habari wakamwuliza: Afrika iliposusia michezo ya Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika ya Kusini, mbona Marekani haikujiunga nayo? Ali hakujifanya mjuzi. Alisema wazi kuwa hakuambiwa habari hiyo, na kwamba labda ametumiwa kwa jambo lisilo sawa. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. Mtu mkubwa kusema mbele ya watu "sikujua" ni aina ya nguvu ambayo ni wachache wanayo.

MIKONO ILIPOTETEMEKA

Hapa labda msomaji ataniuliza juu ya mchezo wenyewe wa ngumi. Mtume s.a.w. alipenda Waislamu wawe na afya, akasifu kuogelea, kupanda farasi na kutupa mishale. Lakini alikataza kupiga uso, nao mchezo huu shabaha yake ni uso na kichwa. Kwa hiyo wanazuoni wengi wameukataza. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa Ali alijiegemeza kwenye kamba akapokea mapigo ya George Foreman raundi baada ya raundi, kisha katika raundi ya nane akamwangusha. Afrika yote ikashangilia. Manila, mwaka 1975, yeye na Frazier walipigana raundi 14 mpaka wote wawili wakakaribia kufa. Aliendelea kupigana hadi Desemba 1981, alipokuwa karibu na miaka 40. Mwaka 1984 madaktari walimwona kuwa na maradhi ya Parkinson, na wengi wameyahusisha na mapigo yale ya kichwa. Mwenye watoto wa kiume na atafakari.

Ndipo ikaja sura ya maisha yake ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Mwenyezi Mungu alimwondolea vyote viwili alivyojisifia: wepesi wa mikono na wepesi wa ulimi. Mikono ikatetemeka, sauti ikawa mnong'ono. Kurani Tukufu katika Sura Yasin yatukumbusha kuwa apewaye umri mrefu hurudishwa nyuma katika umbo lake. Mwenye kiburi akifika hapo hujificha kwa aibu, au hukasirika na Mungu. Ali hakujificha. Alisema kuwa maradhi yale ni mtihani wa kumkumbusha kuwa yeye ni mtu kama wengine, na aliye Mkuu ni Mungu peke yake. Na haya yalisemwa na yule aliyekuwa akipiga kelele kila siku kwamba yeye ndiye mkuu kuliko wote!

Katika hali hiyo, Novemba 1990, alikwenda Baghdad kuwaombea Wamarekani waliozuiliwa huko, akarudi na watu 15. Mwaka 1996, mjini Atlanta, aliuwasha mwenge wa Olimpiki kwa mkono uliotetemeka mbele ya macho ya dunia. Mwaka 1997, katika sherehe za tuzo za filamu, aliyemshika mkono kupanda ngazi alikuwa Foreman yule yule wa Kinshasa, ambaye naye aliugeukia uhubiri katika dini yake. Alifariki Machi 2025. Alikuwa na mazoea ya kutia sahihi vijitabu vya Kiislamu na kuwagawia watu waliokuja kutaka sahihi yake tu. Alipenda kuwachekesha watoto kwa mazingaombwe, lakini kila mara baada ya mchezo aliwafunulia siri yake, kwa kuwa, alisema, dini yake hairuhusu kudanganya watu. Huyo ni mzee mgonjwa, hana mkanda wala ulingo, anachunga ukweli hata katika mchezo wa kitoto.

Na nyumbani? Tangu Novemba 1986 alikaa na mke wake Lonnie, aliyemjua tangu utotoni huko Louisville. Kwa karibu miaka 30 bibi huyu alimlisha, alimpa dawa, alikuwa sauti yake. Twamsifu bingwa, tusimsahau aliyembeba bingwa. Katika nyumba nyingi wamo kina Lonnie ambao hakuna gazeti litakalowataja, na malipo yao yako kwa Mola wao. Siku ya mwisho watoto walimzunguka, wakamshika mikono na kumbusu wakimsomea dua. Watoto waliowahi kuumizwa na baba huyo walikuwa hapo wakiishika ile mikono. Hukumu ya mwisho ni ya Mungu, lakini ushahidi wa jamaa ni huo.

SALA KATIKA FREEDOM HALL

Tarehe 9 Juni 2016 sala ya jeneza ilisaliwa Louisville katika ukumbi uitwao Freedom Hall. Ukumbi huo ndio alimopigana pambano lake la kwanza la kulipwa, tarehe 29 Oktoba 1960. Aliingia humo mara ya kwanza akitafuta ushindi juu ya mtu. Mara hii aliingizwa amelazwa, na maelfu wa kila rangi walisimama safu wakimwombea msamaha. Kesho yake, katika khitima ya hadhara, Wakristo, Wayahudi na watu wa dini nyingine walimsifu mtu aliyeitwa Muhammad. Jina ambalo zamani alitaka kulitia vinywani mwa watu kwa ngumi, sasa lilitamkwa kwa machozi na wasio Waislamu.

NA WEWE JE?

Ndugu msomaji, Mtume s.a.w. alitufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika ila mambo matatu: sadaka iendeleayo, elimu ifaayo watu, na mtoto mwema amwombeaye. Mikanda ya ubingwa haimo. Basi ukitaka kumkumbuka vizuri aliyetangulia, awe bingwa wa dunia au baba yako mvuvi wa Kilwa, fanya mambo matatu. Kwanza, mwombee. Pili, mtaje kwa kweli na huruma, wala usimkalie kitako kumsengenya. Tatu, kama aliacha jema lisilokwisha, lichukue ulimalizie, na kama aliacha deni la fedha au la radhi, mlipie.

Kisha geuka ujitazame. Ikiwa umelichukua jina jipya la Kiislamu, tambua kuwa wa kwanza kulisoma ni mama yako, mkeo au mumeo, na watoto wako. Nao hawasomi herufi, wasoma mwenendo. Jirani akikudhihaki, huna haja ya ngumi. Ukikasirika leo jioni ukauzuia mkono wako na ulimi wako, hapo umeshinda pambano ambalo Mtume s.a.w. mwenyewe ndiye aliyelitolea ubingwa.

Mwenyezi Mungu amsamehe Muhammad Ali na wote waliotutangulia, awape subira waliowaacha, na atujalie tuwe wenye nguvu juu ya nafsi zetu na wapole kwa jamaa zetu. Amin.